Mama, mwalimu huyu alinyimwa Afrika

Orlando, Florida

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, ni joto tu halitaki kuondoka. Haya nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungeniuliza mara tatu, "Umesema nani?"

Jumamosi tulikwenda Daytona Beach, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Wenzangu wakashika njia ya baharini. Mimi niliomba wanishushe Chuo Kikuu cha Bethune-Cookman, nikaione nyumba ya Mwalimu Mary McLeod Bethune. Ni nyumba nyeupe ya mbao, ya ghorofa moja, iko humohumo chuoni, na kaburi lake lipo papo hapo uani. Nikakukumbuka sana.

Alizaliwa mwaka 1875 huko Mayesville, South Carolina, mtoto wa 15 kati ya 17. Wazazi wake, Samuel na Patsy, walikuwa wamezaliwa utumwani. Walipokuwa huru walipata kishamba chao wakalima pamba, na Mary akakulia humo, akichuma na ndugu zake. Siku moja alifuatana na mama yake kwenye nyumba ya mabwana wa zamani, akashika kitabu. Mtoto wa Kizungu akamwambia akiweke chini, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Unajua mwenyewe neno kama hilo linavyomkaa mtoto. Shule ya misheni ilipofunguliwa, kwao akapelekwa yeye. Alitembea kilomita nane kwenda na nane kurudi, na akifika nyumbani anawafundisha waliobaki shambani.

Alichokuwa akikitaka ni kuja Afrika kuwa mmisionari. Alisoma shule ya Scotia, North Carolina, kisha chuo cha Biblia cha mhubiri Dwight Moody kule Chicago, akaomba atumwe. Bodi ya misheni ya Wapresbiteri ikamjibu kwamba hakuna nafasi Afrika kwa mmisionari mweusi. Afrika, Mama! Zile picha za zamani za wamisionari ulizokuwa ukituonyesha, Wazungu watupu, mimi miaka yote nilidhani ni wao tu waliotaka kuja.

Basi akashika chaki. Oktoba 1904 alifungua shule ya wasichana Daytona, mkononi ana dola moja na nusu, na kodi ya nyumba ni dola 11 kwa mwezi. Wanafunzi wasichana watano, na juu yao mwanawe Albert. Madawati yao makasha ya mbao, wino wameukamua kwenye matunda meusi ya mti wa elderberry, penseli zao vijiti vilivyochomwa moto.

Hizo penseli zilinikaa kichwani. Niliporudi nikachoma kijiti barazani (jirani akatoka kuuliza kunaungua nini), nikajaribu kuandika jina lako. Herufi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili, mkaa ukakatika. Ya tatu nikaipitishia kiganja bila kukusudia, karatasi ikawa kama tako la sufuria. Kila baada ya neno moja au mawili unachonga upya na kuchoma upya. Sasa fikiria imla nzima! Wewe uliyekuwa ukikata penseli moja vipande viwili ili darasa zima lipate, utanielewa.

Fedha alizipata kwa kuoka pai za viazi vitamu na kuwauzia wafanyakazi wa reli. Kiwanja alichonunua kilikuwa jaa la taka, watu wakipaita Shimo la Jehanamu. Na bado alikuwa akienda kwenye kambi za wagema utomvu wa misonobari kuwafundisha watoto wao kusoma na Neno la Mungu, watoto ambao hakuna aliyewahesabu. Wito wa shule yake ulikuwa: ingia ujifunze, toka ukatumike.

Mengine yanajulikana. Alimshauri Rais Franklin Roosevelt, na mwaka 2022 sanamu yake ya marumaru iliwekwa ndani ya jengo la Bunge la Marekani. Siyo yaliyonipeleka.

Ila hili sikulijua mpaka juzi. Januari 1952, Mwalimu akiwa na miaka 76, Rais Truman wa Marekani alimtuma Liberia kwenye kuapishwa kwa Rais Tubman. Afrika akaikanyaga hatimaye, tena kama mjumbe wa serikali. Mei 1955 akafariki, hapo hapo Daytona.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kile kijiti. Kikifika kimevunjika, usikitupe. Kusanya vipande uende navyo Sunday school, uwape watoto mmoja mmoja wajaribu kuandika majina yao. Maji na sabuni viwe karibu.

Msalimie Baba, mwambie dawa zake zinakuja na mzigo wa mwezi ujao.

Mwanao