Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini. Mimi nazungumzia kazi, maana ndiyo iliyoleta maneno mwaka huu.

Huku Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi hakuna pa kuchungia. Ng'ombe yuko bandani, chakula ndicho kinachomfuata. Kiangazi majani ya tembo yakiisha, mabua hupandishwa kutoka tambarare kwa toyo, pikipiki ya matairi matatu, au kichwani. Na ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa zaidi ya lita 60 za maji kwa siku. Kamati ilipopita mabandani alfajiri ilikuta mama ameinama, ndoo kaibana kwa magoti, mtoto mwenye sare ya shule kashika tochi mkono huu na mkia wa ng'ombe mkono ule. Kadi ya uanachama? Jina la baba.

Ndiyo maana tuliamua kadi ziwe na majina mawili, na malipo ya mwezi yasainiwe na wote wawili. Wapo walionuna. Mzee mmoja aliniuliza hiki ni chama cha maziwa au baraza la usuluhishi la kata. Nikamjibu, vyote viwili, mzee wangu.

Vijana wetu wanakimbilia ajira kwenye mashamba makubwa. Siwalaumu, ingawa wanaishi kambini mbali na wake zao na zamu nyingine huanza usiku. Kule anayekamua hakati majani, na mshahara haukatiki ng'ombe wakikaushwa, yaani wakiachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mama wa bandani hana hata Jumapili. Krismasi nayo anakamua asubuhi na jioni.

Kamati inapendekeza tuwe na wakamuaji wa zamu, vijana wetu wenyewe, walipwe kwa makato madogo ya kila lita. Mama akijifungua, akiugua au akienda msibani, kijana anashika. Ila aanze kwa kukamua pamoja naye siku chache, kwani ng'ombe akiona mgeni hubana maziwa. Tutapiga kura mchana.

Mnunuzi aliyechelewesha malipo ameshalipa.

Mwisho, waliochukua mitamba, ng'ombe jike ambao hawajazaa, kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: ndama jike wa kwanza ni wa mwenzako anayesubiri. Majina ya wanaodaiwa yako kwa katibu, sitayasoma hapa.