Barua kwa Kaka Rashidi: Kombe Lililowekwa Rehani

West Auckland, Durham
Jumapili usiku

Kwa kaka yangu Rashidi,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka, na unifikishie shikamoo zangu kwa Mama na kwa Shangazi Mwanaidi. Mimi ni mzima, kazi inakwenda, na baridi nimeizoea.

Ujumbe wako nimeupata, nami nimeusoma mara tatu, kwa sababu sikuamini kwamba hati ya shamba la Baba la ng'ambo ya mto imewekwa rehani ili timu ya mtaani iende Dar es Salaam kucheza kombe la wiki moja, na kwamba nyote mmelijua jambo hili tangu Mfunguo Mosi isipokuwa mimi ninayetakiwa kulilipa. Mlipotaka mabati ya nyumba ya Mama mlinipigia usiku wa manane. Mlipotaka kuweka shamba rehani, simu zote ziliishiwa salio.

Hata hivyo nimeshindwa kukukaripia kama nilivyokusudia, kwa kuwa kijiji hiki ninachoishi kiliwahi kuingia katika shimo hilohilo, na kwa sababu ya mpira huohuo. Ulinicheka mbele ya watu pale kwenye kahawa kwamba nimekuja Uingereza kushangilia timu isiyoonekana hata kwenye televisheni. Basi sikiliza historia ya timu hiyo.

Mwaka 1909 Sir Thomas Lipton, huyuhuyu wa majani ya chai, alitoa kombe lishindaniwe mjini Torino, Italia, na timu za nchi mbalimbali. Chama cha soka cha Uingereza kilikataa kupeleka timu, na mwaliko ukaiangukia West Auckland, timu ya wachimba makaa ya mawe. Wewe mtu wa Arsenal utafurahi kusikia kwamba wapo wanaodai barua ile ilikusudiwa Woolwich Arsenal, ikapotezwa njia na herufi W na A. Hakuna aliyelithibitisha hilo, ingawa mimi nikilisimulia huwa silifikishi neno hilo la mwisho. Wachimba makaa wakawafunga Wajerumani wa Stuttgart 2-0, kisha Waswisi wa Winterthur 2-0, wakarudi na kombe, miaka 21 kabla ya Kombe la Dunia la kwanza kule Uruguay. Mwaka 1911 walikwenda kulitetea, na katika fainali wakaifunga Juventus, ndiyo, Juventus hii unayoijua, mabao 6-1. Kwa kulitwaa mara mbili mfululizo wakaachiwa liwe lao kabisa.

Lakini safari ile iliwaachia madeni. Kombe lililoishinda Juventus likawekwa kwa mama mwenye hoteli ya Wheatsheaf, hapahapa kijijini, kuwa dhamana ya pauni 40, na halikurudi hadi mwaka 1960, wanakijiji walipochangishana pauni 100 kulikomboa. Miaka ikapita, na Januari 1994 likaibwa, wala halijaonekana tena hadi leo. Lililopo sasa ni nakala, nami nimepiga picha nayo. Mwonyeshe Mama, na wale wa kwenye kahawa pia.

Pauni 40 ziligeuka 100, kaka, na ilichukua karibu miaka 50. Huyo mkopeshaji wako anahesabu riba kwa mwezi. Na kuna jambo moja linaloniuma kuliko fedha zenyewe: watu wa hapa waliweka rehani kitu walichokishinda kwa miguu yao, ilhali wewe umeweka minazi aliyoipanda Baba, na mimi nilikuwa nyuma yake nikibeba miche.

Timu bado ipo, katika ligi ya kaskazini, mbali chini ya timu za kulipwa. Imefika uwanja wa Wembley, London, kwa fainali za mwaka 1961, 2012 na 2014, na mara zote tatu ikafungwa. Kila Jumamosi nikipata nafasi husimama kando ya uwanja pamoja na wazee na mbwa wao, tukinywa chai isiyo na hata punje ya iliki, na upepo ukivuma huwa nafumba macho nikidhani ni minazi.

Nimetuma nusu ya fedha kwa Shangazi, si kwako. Aende mwenyewe kwa huyo mtu pamoja na mjumbe, waandikishane, na hati ikitoka ikae katika sanduku lake la nguo hadi nitakapokuja. Nusu nyingine utaitafuta wewe na wachezaji wako. Uza zile jezi mpya ikibidi.

Tena umeandika kurasa mbili za deni bila kunieleza jambo moja: huko Dar mlifungwa ngapi?

Mdogo wako,
Hamisi