Risala ya Wazazi na Walezi wa Darasa la Awali kwa Mgeni Rasmi, Temeke, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Ustawi wa Jamii;
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa;
Mwalimu Mkuu na walimu wa darasa la awali;
Wazazi, walezi, na ninyi wahitimu wetu ambao mmeshavua viatu kabla sherehe haijaanza;

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu siku ya Jumamosi, siku ambayo ungekuwa nyumbani na wanao. Utuwie radhi kwa turubai; tuliambiwa ni kubwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianzia pale getini, wakati wa kuwachukua watoto. Tulianza kwa kuchangishana fedha za uji wa saa nne. Baadaye maongezi yakahamia kwenye mambo yanayotuumiza vichwa: huyu anauma wenzake, yule akinyimwa pipi anajitupa chini mbele ya duka, mwingine kila asubuhi analia hadi dereva wa bajaji anachoka kusubiri. Mwalimu wa awali akatuomba tujadili namna ya kumtuliza mtoto mwenye hasira bila kumpiga na bila kumpa kila anachotaka. Hapo mabishano yakaanza, na kwa kweli hayajaisha.

Wapo waliosema hayo ni malezi ya kizungu. Mwalimu akatueleza kuwa mtafiti Mary Ainsworth, ambaye kazi yake inanukuliwa sana katika elimu ya malezi, alianza kuchunguza uhusiano wa mama na mtoto katika vijiji vya karibu na Kampala, miaka ya 1954 na 1955. Aliwaona watoto wa Kiganda wakitambaa mbali na mama, wakigeuka kumtazama, wakirudi kumgusa, kisha wakienda tena. Mtoto mwenye uhakika kwamba mama yupo ndiye aliyethubutu kwenda mbali. Hayo yalionekana kwa majirani zetu hapa Afrika Mashariki, na bibi zetu waliyajua bila kuandikiwa.

Wengine wakatuletea methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ndugu Mgeni Rasmi, methali hiyo tunaikubali mia kwa mia, tena ndiyo msimamo wetu. Mtoto akinyimwa simu, alie. Simu asipewe, na wala asichapwe kwa sababu analia. Mzazi akae karibu yake, amwambie, “Umekasirika kwa sababu nimechukua simu. Najua. Simu haitarudi leo.” Halafu angoje. Kinachotushinda wengi ni huko kungoja, hasa ukiwa umetoka kazini na majirani wa nyumba ya kupanga wanachungulia. Tunampa simu ili anyamaze, au tunampiga kofi ili anyamaze. Kwa maoni yetu, anayempa simu na anayempiga kofi, wote wawili wamechelea kilio.

Tumejifunza pia kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu anayejigaragaza hajaharibika. Sehemu ya ubongo inayozuia hasira na papara huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Sasa sisi tunamtaka wa miaka mitatu ajizuie kuliko kondakta wa daladala!

Jambo tulilolifanyia kazi zaidi ni vitisho. Tulikuwa tumezoea kusema, “Nyamaza, nitamwita daktari akuchome sindano.” Matokeo yake, siku ya kliniki mtoto anapiga kelele kuanzia mlangoni. Tumekubaliana daktari, polisi na mwalimu wasitumike tena kama zimwi. Tumekubaliana vilevile kuacha kumwambia mtoto wa kiume kwamba mwanaume halii. Hili la pili akina baba bado wanalijadili, na tunawaombea.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukuite wewe hasa. Mzazi wa huku anaondoka nyumbani alfajiri ili aiwahi foleni, na anarudi mtoto akiwa amelala. Mchana kutwa mtoto yuko na dada wa kazi, au bibi, au mama jirani anayelea watoto sebuleni kwake kwa malipo ya siku. Semina za malezi anaalikwa mzazi, lakini machozi ya saa sita mchana anayafuta dada. Huyo dada mara nyingi ni binti mdogo aliyetoka mkoani, mbali na mama yake, na tangu asubuhi hajaambiwa neno jema hata moja. Tunamfokea mbele ya mtoto, kisha tunataka amlee mtoto kwa upole. Upole huo ataupata wapi?

Serikali imeshaonesha njia. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inawahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kutambua mtoto anahitaji nini na kumjibu kwa upendo, ni moja ya nguzo zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza adhabu za kikatili na za kumdhalilisha mtoto. Shida yetu ni kwamba haya yanafika kwa wenye nafasi ya kukaa kikaoni Jumatano saa nne asubuhi.

Kwa hiyo tunaomba mafunzo ya malezi katika kata yetu yafanyike Jumapili mchana, na barua ya mwaliko iwataje wazi dada wa kazi, mabibi na akina baba. Waajiri wa hao madada tuliopo hapa tumeahidi kuwapa ruhusa bila kuwakata mshahara. Majina yetu yapo kwa katibu.

Tunaomba pia wale akina mama wanaolea watoto majumbani watembelewe na kuelekezwa namna ya kusajili vituo vyao, kabla ya kufikiriwa kufungiwa. Wakifungiwa, watoto wale watabaki na nani?

Mwisho, tunaomba bango lenye namba 116, ya huduma kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure, libandikwe ofisi ya serikali ya mtaa na kwenye kituo cha bajaji. Gharama ya kulichapisha tutachangia. Gundi Mwenyekiti amesema anayo.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu,
Kwa niaba ya wazazi na walezi wa darasa la awali