Mhubiri Mswahili, waumini Waswahili, mkalimani wa nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumze juu ya mkalimani wa kanisa letu huku Tomondo. Si mtu mbaya. Ana sauti, ana pumzi, na suti yake haimtoki mwilini hata joto la kaskazi likipamba moto. Tatizo langu ni kwamba mpaka leo sijaona anamfasiria nani.

Mhubiri wetu katoka bara, Kiswahili amekinyonya. Sisi waumini ni askari, wapishi wa hoteli, mafundi ujenzi na kina mama wanaouza mboga Mwanakwerekwe. Asiyejua Kiswahili hayumo. Lakini kila sentensi inasemwa mara mbili, Kiswahili kisha Kiingereza, kwa kelele zilezile. Mhubiri akiruka, mkalimani anaruka. Mhubiri akitoa leso ajifute jasho, mwenziwe naye anatoa yake.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, Kiingereza ndicho kinachonilisha, kwa hiyo kwa bahati mbaya nasikia pande zote mbili. Juzi mhubiri aliwasalimu wazee "mliokula chumvi nyingi". Kiingereza kikatoka kwamba wazee hawa wamezidisha chumvi kwenye chakula. Angekuwepo Mzungu angedhani tumefungua kliniki ya presha. Baadaye Shetani akashikishwa adabu, na kwa Kiingereza akabaki ameishika hiyo adabu mkononi kama mtu aliyebeba kikapu.

Nilimuuliza mzee mmoja wa kanisa sababu. Kwanza akanipa 1 Wakorintho 14, kwamba lazima awepo mwenye kufasiri. Nikamwambia Paulo pale anasema habari za lugha ambazo wasikilizaji hawazielewi. Akabadilisha: ni kwa ajili ya mataifa yanayotufuatilia mubashara. Nikachungulia simu ya kijana wa kamera. Watazamaji saba, na mmoja ni mke wangu, aliyebaki nyumbani na mtoto mwenye homa.

Mwenzenu karibu kila siku nasimama na wageni Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa mpaka 1873, nawaeleza habari za Askofu Edward Steere. Mwingereza yule alifika Unguja 1864, akakaa na watu wa hapa akajifunza lugha yao, akaiandikia kitabu cha sarufi, akatafsiri Maandiko. Kaburi lake liko nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu lililopo hapo Mkunazini. Alikiacha Kiingereza akakifuata Kiswahili mpaka kwao. Sisi tumekikalia Kiswahili chenyewe, na tunatoka jasho kurudi alikotoka yeye.

Na kwa kuwa kila neno linasemwa mara mbili, ibada nayo imekuwa mbili. Hapo sijagusa "namalizia". Jumapili iliyopita nilizihesabu kwa kalamu kwenye kiganja: saba. Ya kwanza ilitoka saa tano na robo. Ya saba ilipotoka, wali nyumbani ulishapoa. Najua nitaambiwa hata Paulo alirefusha maneno kule Troa hadi usiku wa manane. Ni kweli, na kijana Eutiko alisinzia dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Lakini Paulo alishuka, na kijana akarudishwa nyumbani mzima. Mhubiri wetu atuambie mapema kama na upande huo amejiandaa.

Halafu kuna "mwambie jirani yako". Jirani yangu wa benchi ni fundi bomba, na ananidai shilingi elfu thelathini. Tulipoamriwa, nikamgeukia nikamwambia, "Jirani, huu ni mwaka wako wa kupokea." Akaniuliza, "Lini?"

Andiko letu ni moja: nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, Wafilipi 4:13. Limeshaombewa viwanja, pikipiki na pasi za kusafiria. Mstari unaolitangulia, Paulo anaposema amefundishwa kushiba na kuona njaa, haujawahi kusomwa kwetu kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Ng'ambo ya ukuta wa kanisa anakaa bibi mmoja wa Kiislamu, anapika mandazi. Spika zetu zinamwelekea yeye, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Jumapili hiyohiyo nikapita kwake na njaa yangu. Akanifungia mandazi manne kwenye gazeti, akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, wale mabwana wawili wanaogombana humo ndani kila wiki, mmoja akisema na mwenziwe anamrudishia, kwani hamna wazee wa kuwapatanisha?"

Nikamwambia wanamalizia.

Mtembeza Wageni,
Tomondo, Unguja