Mkurugenzi wa Manispaa Kigoma Ujiji, hizi bei za gesti siku za mechi tuongee

Mkurugenzi shikamoo, na kama mimi ndo nimekuzidi umri basi pokea heshima tu. Ni dereva bajaji, kijiwe changu stesheni, nabeba wageni wanaposhuka treni mpaka wapate pa kulala, kwahiyo bei za gesti za mji huu nazijua vizuri sana.

Nianzie Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho pale uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Simba walishinda 1-0 goli la Lwanga, mimi ni Yanga, tuyaache. Usiku wa kuamkia mechi nilibeba baba mmoja na mwanae wametoka Tabora, chumba walishabuku wiki mbili kabla, elfu 20, na advansi wametuma kwa simu. Tunafika mapokezi dada anasema chumba kimepata mtu, kipo kingine cha elfu 70. Yule baba akamuonesha meseji ya mwamala, dada anaangalia pembeni, eti bosi ndo kaamua. Tukazunguka Mwanga, Katubuka, mpaka Ujiji huko, wapi, saa nane usiku wakalala kwenye bajaji na mimi nimekaa nje napigana na mbu.

Sasa mimi sikatai bei kupanda. Sisi watu wa ziwa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika, sokoni Kibirizi dagaa zinaadimika, bei inapanda na hakuna anayeenda polisi. Ila sijawahi kuona mama wa Kibirizi kapokea hela ya ndoo yako afu kamuuzia mwingine kisa huyo kaongeza dau, maana kesho utarudi na soko zima litajua. Mwenye gesti anajua Jumatatu huyu mgeni anapanda basi na hamuoni tena. Na hapa ni mwisho wa reli bana, mtu akikosa chumba hawezi kusema asogee mji unaofuata, Kasulu siyo pua na mdomo.

Tangu Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, wapande ligi kuu 2023 hii kitu imekuwa ya kila msimu, Simba wakija, Yanga wakija. Afu Bodi ya Ligi ikipangua ratiba ndo balaa, mgeni advansi yake imeliwa, tarehe mpya anaanza upya na bei mpya.

Leseni za gesti zinatoka kwenye ofisi yako, kwahiyo ombi langu siyo kubwa, wala sisemi umpangie mtu bei. Kila gesti ibandike bei zake mapokezi mapema kabla wiki ya mechi haijaanza, ikiwemo hiyo ya juu kabisa, na ikishabandikwa isiguswe. Aliyetuma advansi chumba ni chake kwa bei ile ile waliyokubaliana, mechi ikisogezwa arudishiwe au ahamishiwe tarehe. Na usiku wa kuamkia mechi afisa biashara awe na simu inayopokelewa, siyo ya ofisini inayolia tu. Hata wewe una cha kupata, ushuru wa kulala wageni unakatwa kwenye bei ya chumba, na mimi nimeona kwa macho yangu mgeni katoa 70 kaandikiwa risiti ya 20, hiyo 50 manispaa hamjaiona.

Na sisi bajaji usituache, nasema ukweli hapa wenzangu watanichukia. Tukipeleka mgeni gesti tunapewa cha juu, siku za kawaida elfu 2, siku ya mechi mpaka elfu 10, na inatoka mfukoni kwa huyo huyo mgeni. Nimekula sana hiyo hela. Tuite kijiweni utuambie mwisho.

AFCON ya 2027 inachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, najua Kigoma hatuna mechi, ila Wakongo wakifuzu wapo watakaovuka na meli kutoka Kalemie, washukie hapa wasubiri treni ya Dar. Usiku huo mmoja watalala wapi na kwa bei gani?

Gesti ile ya 2021 siitaji jina hapa. Ukituma mtu stesheni asubuhi aulize bajaji yenye kiti cha kijani, nampeleka mpaka mlangoni.