Barua ya wazi kwa mwakilishi wetu katika Bunge la Texas: siku 90 za kukomboa kondo hazitoshi

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima. Jumanne ya kwanza ya mwezi imepita tena na minada ya nyumba za wenye madeni imefanyika, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni kama sheria inavyotaka. Subira yetu imekwisha.

Mwaka 2001, baada ya nyumba ya mjane mmoja wa Houston kupigwa mnada kwa deni la ada za chama cha wamiliki wa nyumba wa mtaa wake, lisilofika dola elfu moja, Bunge lilitunga Sura ya 209 ya Sheria ya Mali. Kwa sura hiyo, nyumba ikiuzwa na chama cha wamiliki, mwenyewe ana siku 180 za kuikomboa, yaani kulipa na kuirudisha mikononi mwake, na siku zinaanza kuhesabiwa pale chama kinapomtumia barua ya kumjulisha mauzo. Lakini mwenye kondo, yaani nyumba anayoimiliki ndani ya jengo la pamoja, yuko chini ya Sura ya 82. Kifungu cha 82.113 kinampa siku 90, tena tangu siku ya mnada wenyewe. Hazisubiri barua. Kondo iliyouzwa Januari 6, 2026 mwisho wake ni Aprili 6. Kwa nini mjane wa ghorofa ya tatu apewe nusu ya muda wa mjane mwenye ua?

Na hizo 90 huliwa na kutojua. Wako wenzetu wa Houston na Dallas, waliotoka Kongo, Kenya na Tanzania, ambao wakisikia nyumba imeuzwa hufungasha na kuondoka. Nadhani ni kwa sababu barua zote ni za Kiingereza cha mawakili, na kwetu mnada ukishapigwa huwa umepigwa. Wengine hukimbilia ofisi ya chama na pesa mkononi, kumbe mnunuzi ni mtu mwingine. Hapo malipo ni ya pande mbili. Mnunuzi hulipwa bei aliyotoa mnadani, riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ada alizolipia, na "gharama za haki", yaani zisizopita kiasi, alizotumia kuitunza nyumba. Chama nacho hulipwa ada zilizobaki na gharama za wakili wa mnada. Bei ikiwa dola 9,000, riba ya siku 60 ni kama dola 89 tu. Riba haimuumizi mtu. Kinachoumiza ni hizo "gharama za haki": mnunuzi anaweza kuchelewesha hesabu mpaka siku ziishe, na sheria haimwekei siku ya kuitoa. Kodi aliyokusanya kwa mpangaji inapaswa kupunguzwa kwenye deni. Nani ataijua bila hesabu ya maandishi?

Akishalipa, mwenyewe apewe hati ya umiliki na mnunuzi, na aisajili kwa karani wa kaunti. Asipopewa, asajili hati ya kiapo kwamba amekomboa, na afanye hivyo kabla siku hazijaisha. Asiposajili, mtu atakayenunua baadaye kwa nia njema, bila kujua lolote, anaweza kumshinda. Ndani ya siku 90 mnunuzi wa mnada haruhusiwi kumuuzia mwingine. Siku ya 91 mlango uko wazi. Na mkopo wa benki uliokuwapo kabla haufutwi na ukombozi, basi malipo ya benki yasikatizwe.

Mheshimiwa, Bunge hukutana kila baada ya miaka miwili, siku 140 tu. Kikao kijacho ni Januari 2027. Tunaomba kifungu kimoja kirekebishwe: mwenye kondo apewe siku 180, zihesabiwe tangu atumiwe barua. Mnunuzi alazimishwe kutoa hesabu ya maandishi ndani ya siku 10 tangu aombwe. Kama hayo mawili hayawezekani kwa pamoja, basi barua. Siku zihesabiwe tangu barua, Mheshimiwa. Barua inayosema wazi kwamba nyumba imeuzwa, nani kainunua, na mwisho wa kuikomboa ni tarehe fulani.

Wako katika kungoja,
Wasaidizi wa wenye kondo, Houston