Nalinda jumba tupu, mke wangu hajui sina chumba

Anti, shikamoo.

Nina miaka 38, mlinzi wa usiku kwenye jumba moja Mikocheni. Vyumba vitano, hakai mtu. Mwenyewe huja mara mojamoja kuangalia kama mabomba hayavuji.

Miaka sita nilipanga Tandale, chumba kimoja, choo cha nje, 40,000 kwa mwezi. Mwezi wa tisa mwenye nyumba kauza. Aliyenunua katupa siku 30, wapangaji wote saba, anabomoa ajenge fremu za maduka. Mikataba yetu ilikuwa ya mdomo. Mjumbe alitusikiliza vizuri tu, akatuombea wiki mbili za nyongeza, akaishia hapo.

Nikaanza kuzunguka na madalali. Kila mmoja anataka 10,000 ya kukupeleka, chumba ukipende usikipende. Manzese, Kigogo, Mabibo, chumba cha maana hakishuki 70,000, na kodi ya miezi sita unaweka mezani. Hiyo ni 420,000, weka na mwezi mmoja wa dalali, 490,000. Mshahara wangu 200,000, na nusu inakwenda Korogwe kwa mke na watoto. Mzee tuliyepanga naye anasema zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi, mwenye nyumba akizidisha unamshtaki, ikafutwa 2005. Magomeni Kota nimepita, magorofa mazuri kweli, ila zile ni za kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale tangu zamani, na zilisubiri miaka mpaka 2022. Mimi sina orodha niliyomo.

Basi naishi getini. Zamu ikiisha asubuhi namwachia mwenzangu kiti, najikunja nyuma ya jenereta hadi saa sita. Naoga kwa mpira wa bustani kabla dada wa jirani hajatoka kufagia. Godoro nimelihifadhi kwa rafiki. Bosi hajui lolote.

Mke wangu naye hajui, Anti, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Tulikubaliana waje Januari, shule zikifunguliwa. Juzi kapiga simu anauliza upana wa dirisha, anashona pazia. Nikampimia dirisha la kibanda cha getini.

Rafiki ananisukuma nikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Naogopa, nimeshuhudia walivyombebea mama ntilie wetu friji lake mchana kweupe. Halafu kuna jamaa ana boma, nyumba ambayo haijaisha kujengwa, Chanika, anataka mtu wa kukaa amtunzie, bure. Vyumba viwili vimeezekwa, mlango ni bati, umeme hakuna, maji ya kununua kwa dumu. Kazini ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Na siku atakayopata hela ya kupiga plasta, tunatoka.

Moyo umeelemea boma, ila nataka karatasi, hata ya kwamba tutapewa miezi mitatu kabla ya kuondolewa, tuandikishane serikali ya mtaa. Je, nikilisema hilo hataona kama nina nia ya kumdhulumu kiwanja, akampe mwingine? Na mke nimwambie sasa kwa simu, au nimsubiri nimweleze uso kwa uso? Ndugu zangu wanasema nisubiri. Mimi nikilifikiria lile pazia naona nimeshachelewa.

Jina langu usilitoe.

Mlinzi, Mikocheni